Ukatili wa ngono chuoni: Saa 72 za kwanza ni muhimu

KILA mwaka maelfu ya vijana hufunga masanduku yao na kuondoka nyumbani kwenda kujiunga na vyuo vikuu. Kwa wengi wao, hii huwa mara ya kwanza kuishi mbali na macho ya wazazi. Wazazi nao huwapa nauli, pesa za matumizi na nasaha tele: soma kwa bidii, chagua marafiki wema, usitusahau nyumbani. Lakini ni wazazi wachache sana wanaomwambia mtoto wao la kufanya iwapo atashambuliwa kingono. Jambo lenyewe huonekana la aibu, nalo hupitwa kimyakimya.

Kimya hicho kina gharama. Mwanafunzi anaponajisiwa, jambo la kwanza analofikiria ni kuoga. Hujisugua kwa sabuni, hufua nguo alizovaa, kisha hujifungia chumbani. Anapopata ujasiri wa kumweleza rafiki baada ya wiki moja, dawa ambayo ingemkinga dhidi ya virusi vya ukimwi imepitwa na wakati, na ushahidi ambao ungemfunga mkosaji umetiririka na maji ya bafuni.

Makala haya yanaeleza yale ambayo kila mwanafunzi, mzazi, mhadhiri na mlinzi wa chuo anapaswa kuyajua kuhusu matibabu na haki za mtu aliyefanyiwa ukatili huo.

Tatizo si geni

Uchunguzi wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya uliofanywa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya walio na umri wa kati ya miaka 15 na 49 wamewahi kupigwa au kujeruhiwa tangu walipofikisha miaka 15. Asilimia 13 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa ngono. Wanafunzi wa vyuo ni sehemu ya jamii hiyo hiyo, na lango la chuo si ngome inayoweza kuuzuia uovu huo.

Wakenya waliokuwa na umri wa kusoma magazeti mwaka wa 1991 hawajasahau yaliyotokea usiku wa Julai 13 katika shule ya mseto ya St. Kizito, wilayani Meru. Wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walifariki na wengine wengi kunajisiwa. Mkasa huo uliitikisa nchi nzima, na ulionyesha kwamba mahali pa masomo panaweza kugeuka kuwa mahali pa maangamizi ikiwa wenye mamlaka wataona mateso ya wasichana kuwa mambo ya kawaida.

Sheria imebadilika tangu wakati huo. Mwaka wa 2006 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Ngono, iliyowasilishwa na Bi Njoki Ndung'u, ambaye wakati huo alikuwa mbunge mteule na baadaye akawa jaji wa Mahakama ya Juu. Chini ya sheria hiyo, mbakaji hufungwa jela kwa muda usiopungua miaka 10, na adhabu hiyo yaweza kuongezwa hadi kifungo cha maisha. Wanaobaka kwa kundi hufungwa kwa muda usiopungua miaka 15. Mwanafunzi ambaye hajatimiza umri wa miaka 18, na wako wanaojiunga na chuo wakiwa na miaka 17, ni mtoto mbele ya sheria.

Ukatili huu huwa wa namna gani?

Watu wengi wanaposikia neno 'ubakaji' huona akilini mwao mtu asiyejulikana akichomoka kichakani usiku. Hayo hutokea, hasa katika njia zisizo na taa kati ya chuo na hosteli za kupanga. Hata hivyo, mara nyingi mkosaji huwa ni mtu anayefahamika: mpenzi, mwanafunzi mwenza, jirani wa chumba, au mtu aliyejitolea kumsindikiza mwenzake kutoka kwenye karamu.

Kuwa mpenzi wa mtu si ruhusa ya kudumu. Mtu aliyekubali jana ana haki ya kukataa leo. Aliyelewa chakari, aliyelala au aliyetiliwa dawa kwenye kinywaji hawezi kutoa idhini. Anayekubali kwa sababu ya vitisho hajakubali.

Wavulana pia hufanyiwa ukatili huu, nao huwa wagumu zaidi wa kusema kwa kuogopa kuchekwa. Sheria haibagui. Matibabu wanayostahili wasichana ndiyo wanayostahili wavulana, isipokuwa yale ya kuzuia mimba.

Kisha kuna unyanyasaji unaofanyika ofisini mchana, pasipo kelele wala damu. Mhadhiri huficha alama za mwanafunzi, humwita 'kuzungumzia' karatasi ya mtihani, kisha humdokezea bei. Kifungu cha 23 cha sheria hiyo ya 2006 kinasema mtu mwenye mamlaka anayemsumbua mwenzake mara kwa mara kwa maombi ya ngono, huku akijua hayatakikani, anaweza kufungwa kwa muda usiopungua miaka mitatu au kutozwa faini isiyopungua Sh100,000, au adhabu zote mbili. Isitoshe, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na kanuni za kuzuia unyanyasaji huo. Hakuna chuo kikuu chenye wafanyakazi wachache kuliko hao.

Kwa nini hakupiga kelele?

Swali hili huulizwa na polisi, wazazi na hata marafiki, nalo humuumiza aliyeshambuliwa kama kidonda kinachotiwa chumvi. Jibu lake liko ndani ya mwili wa binadamu.

Mtu anapokabiliwa na hatari kubwa, ubongo hauketi na kutafakari. Huamua mara moja: pigana, kimbia au ganda. Wengi huganda. Viungo hukakamaa, sauti hukatika, na mtu hujiona kama anayetazama mambo yakitendeka kwa mtu mwingine. Hiyo si idhini. Ni namna ambavyo mwili hujaribu kujiokoa.

Hofu hiyo hiyo huvuruga kumbukumbu. Mwathiriwa anaweza kukumbuka vizuri harufu ya shati la mkosaji lakini asikumbuke ilikuwa saa ngapi, au akaeleza mambo bila mpangilio. Asiyejua hili husema anadanganya. Daktari na afisa wa polisi waliofunzwa vyema humpa muda.

Hospitali kwanza

Waathiriwa wengi hudhani ni lazima waanze kwa polisi ndipo watibiwe. Sivyo. Anza hospitalini. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Makosa ya Ngono nayo inasema gharama ya matibabu na ushauri nasaha wa mwathiriwa itabebwa na Serikali. Polisi watafuata baadaye, na katika hospitali nyingi kubwa muuguzi atakueleza jinsi ya kuwafikia.

Saa 72, yaani siku tatu, ndio muda unaozungumziwa sana na madaktari. Lakini usichukulie kwamba una siku tatu za kusubiri. Kila saa inayopita hupunguza nguvu ya dawa. Aliyeshambuliwa usiku asingoje mapambazuko ikiwa kuna njia salama ya kufika hospitalini.

Kabla ya kwenda, zingatia haya:

Usioge wala kujiosha sehemu za siri, hata kama unajisikia mchafu kiasi gani. Ikiwa uliingiliwa kwa mdomo, jaribu kutopiga mswaki wala kusukutua.

Usifue nguo. Ikiwa umeshabadilisha, zibebe zile ulizokuwa umezivaa, pamoja na chupi. Zifunge kwa gazeti au uzitie katika bahasha ya kaki. Usizitie katika mfuko wa plastiki, kwa maana unyevu hufungika ndani na kuozesha chembechembe ambazo maabara ingezihitaji.

Ikiwa unashuku ulitiliwa dawa kwenye kinywaji, mwambie daktari mara moja. Dawa hizo hutoka mwilini upesi, na mkojo wa mapema ndio unaoweza kuzionyesha.

Enda na mtu unayemwamini. Na ikiwa tayari umeoga na kufua, enda vivyo hivyo. Ushahidi ukipungua, haki yako ya kutibiwa haipungui.

Utafanyiwa nini hospitalini?

Daktari au mhudumu wa afya ataanza kwa kuangalia majeraha yanayohatarisha maisha. Kisha atakueleza uchunguzi anaotaka kufanya na kukuomba idhini. Una haki ya kukataa sehemu yoyote ya uchunguzi huo, na una haki ya kuwa na mtu wa kukutuliza ndani ya chumba. Mambo yafuatayo ndiyo muhimu:

KINGA YA UKIMWI: Virusi vya ukimwi vikiingia mwilini havisambai mara moja. Huchukua muda wa siku chache kujipenyeza kutoka mahali vilipoingilia hadi kwenye tezi, ambako hujizalisha na kuenea kote. Dawa za kuzuia maambukizi, maarufu kama PEP, hufanya kazi katika nafasi hiyo fupi. Ndiyo sababu ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Humezwa kila siku kwa siku 28 bila kukosa. Baadhi ya watu huhisi kichefuchefu, uchovu au kuumwa na kichwa, na wengi wa wanaoacha huacha kwa sababu hiyo. Usiache, rudi kwa daktari akusaidie. Kabla ya kupewa dawa utapimwa damu ili kujua hali yako, na utapimwa tena baadaye. Ikipatikana kwamba tayari ulikuwa na virusi, hutapewa PEP bali utaelekezwa kwenye matibabu ya kawaida.

KUZUIA MIMBA: Tembe za dharura, ambazo wanafunzi wengi huziita P2, hufanya kazi vizuri zaidi zikimezwa mapema. Zinaweza kutumika hadi saa 120, yaani siku tano, lakini nguvu yake huzidi kupungua. Tembe hizi huchelewesha yai kutoka. Hazitoi mimba iliyokwisha kutunga. Ukitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza, rudia. Kitanzi cha shaba kikiwekwa na mhudumu aliyehitimu katika siku hizo tano hukinga vizuri hata zaidi. Kumbuka kwamba P2 haizuii ukimwi wala ugonjwa wowote wa zinaa. Msichana aliyekimbilia duka la dawa kununua P2 pekee amefunga mlango mmoja na kuacha mingine wazi.

MAGONJWA YA ZINAA: Utapewa dawa za kuzuia kisonono, kaswende na klamidia. Utachanjwa dhidi ya homa ya ini ya aina ya B ikiwa hujawahi kuchanjwa, chanjo ambayo hutolewa kwa awamu kadhaa. Walio na vidonda vichafu huhitaji pia sindano ya kuzuia pepopunda.

USHAURI NASAHA: Hii si huduma ya ziada. Ni tiba kama tiba nyingine.

Miongoni mwa vituo vinavyojulikana ni kile cha kuwahudumia waathiriwa wa ukatili wa kijinsia katika hospitali ya Nairobi Women's, kilichoanzishwa mwaka wa 2001. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na hospitali za rufaa katika kaunti pia hutoa huduma hizi. Zahanati ya chuo, hata kama haina vifaa vyote, inapaswa kukupa huduma ya kwanza na kukufikisha mahali vinapopatikana. Nambari ya simu 1195 hupigwa bila malipo, usiku na mchana, na mtu aliyefanyiwa ukatili wa kijinsia.

Fomu mbili zisizofanana

Waathiriwa wengi huchanganya fomu mbili. Ya kwanza ni PRC, ambayo hujazwa hospitalini wakati wa matibabu. Hueleza hali uliyofika nayo, majeraha yaliyoonekana na sampuli zilizochukuliwa. Huandikwa nakala tatu: moja huenda kwa polisi, moja hubaki hospitalini na moja ni yako. Usiondoke bila yako, na uiweke mahali salama.

Ya pili ni P3, ambayo hutolewa na polisi bila malipo baada ya kuandikisha ripoti, kisha hujazwa na daktari. Hakikisha ripoti yako imeandikwa katika kitabu cha matukio, yaani OB, na upewe nambari yake. Unaweza kuomba kuhudumiwa katika dawati la jinsia ikiwa kituo hicho kinalo, na unaweza kuomba afisa wa kike.

Wengine huhofia kwamba, kwa kuwa hapakuwa na shahidi, kesi haitasimama. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama kumtia mkosaji hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, mradi hakimu ameridhika kuwa anasema kweli na ameandika sababu zake. Sheria ya 2006 pia inaweka mipaka kwa mawakili wanaotaka kumhoji mwathiriwa kuhusu wapenzi wake wa zamani.

Aidha, kuna mtindo wa familia mbili kuketi, kuhesabiana mbuzi au fedha na kuyamaliza 'kinyumbani'. Wakati mwingine wakuu wa chuo nao huhimiza suluhu ya aina hiyo ili jina la chuo lisichafuke. Msomaji aelewe kwamba kesi ya ubakaji si mali ya familia wala ya chuo. Kwa mujibu wa Kifungu cha 40 cha sheria hiyo ya 2006, hata polisi hawana uwezo wa kuisimamisha wapendavyo. Uamuzi huo ulipewa Mwanasheria Mkuu, na sasa uko mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Kidonda kisichoonekana

Majeraha ya mwili hupona kabla ya yale ya moyo. Katika siku za kwanza, si ajabu mwathiriwa kukosa usingizi, kushtuka akisikia mlango, kuota ndoto za kutisha, au kulia na kucheka kwa wakati mmoja. Kwa wengi hali hiyo hupungua taratibu. Ikidumu zaidi ya mwezi mmoja, ikiwa mtu anazikwepa njia na nyuso zinazomkumbusha, anaacha kuhudhuria mihadhara au anaanza kuzama kwenye pombe, basi ni ugonjwa unaohitaji mtaalamu. Haufukuzwi kwa kumwambia 'jikaze'.

Wanafunzi walionusurika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, ambapo watu 148 waliuawa, 142 wao wakiwa wanafunzi, walijifunza kwa uchungu jinsi hofu inavyoweza kumfuata mtu hadi chuo kingine na darasa jingine. Ubakaji huacha hofu ya aina hiyo, tofauti ikiwa kwamba anayebakwa mara nyingi huomboleza peke yake.

Wengine hufikia kiwango cha kutaka kujitoa uhai. Kwa miaka mingi sheria ya Kenya ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, jambo lililowafanya wagonjwa kujificha. Januari 9, 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Anayewaza kujidhuru anahitaji kitanda cha hospitali na sikio la kumsikiliza, si pingu.

Walio hatarini zaidi

Si wanafunzi wote wanaokabiliwa na hatari sawa. Mwanafunzi asiyeona anayetegemea kushikwa mkono na mtu asiyemfahamu, mwanafunzi kiziwi asiyeweza kupiga ukemi wala kuelezea polisi bila mkalimani, na yule wa kiti cha magurudumu aliyepewa chumba kwenye jengo lisilo na njia ya mteremko, wote wamo katika hatari ambayo wenzao hawaifikirii.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, kufika mahali popote pa umma na kutumia lugha ya ishara, Braille au njia nyingine ifaayo ya mawasiliano. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 ilichukua nafasi ya ile ya 2003. Chuo kinachojenga ukumbi wa orofa nne bila lifti wala mteremko kinawafungia nje watu kiliowasajili chenyewe. Na zahanati isiyoweza kumpata mkalimani wa lugha ya ishara haijajiandaa kumtibu kiziwi aliyebakwa, kwa sababu matibabu haya huanza kwa kueleza na kuomba idhini.

Vivyo hivyo kwa wanafunzi wanaoishi na virusi vya ukimwi. Sheria ya kuzuia na kudhibiti ukimwi ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ili apate nafasi ya masomo, na inakataza kumnyima nafasi au kumfukuza kwa sababu ya hali yake. Mwanafunzi aliyeambukizwa kwa kubakwa hawezi kuadhibiwa mara ya pili na chuo chake. Hali yake ni siri yake na daktari wake.

Rafiki afanye nini?

Mara nyingi mtu wa kwanza kuambiwa si daktari wala polisi, bali ni mwenzake wa chumbani. Maneno ya dakika hiyo yanaweza kumfikisha hospitalini au kumfunga kinywa milele.

Msikilize bila kumkatiza. Mwambie kwamba unamwamini na kwamba kosa si lake. Usimwulize alikuwa amevaa nini, alikunywa chupa ngapi au kwa nini alienda kule. Usikimbilie kumtafuta mkosaji na kumpiga, kwa sababu utaishia seli na mwenzako atabaki pekee. Usitangaze habari zake katika makundi ya simu ya darasa. Jitolee kumpeleka hospitalini, lakini mwachie yeye uamuzi. Mtu aliyenyang'anywa uwezo wa kuamua juu ya mwili wake anahitaji kurudishiwa uwezo huo. Katika wiki nne za dawa, mkumbushe kumeza tembe na umtafutie chakula siku ambazo hana hamu ya kula.

Wajibu wa chuo

Wanafunzi huambiwa wasitembee usiku, wasinywe, wasivae hivi wala vile. Tahadhari ni jambo jema, na ni busara kutembea kwa vikundi na kutoacha kinywaji bila mwangalizi. Lakini mwanafunzi anayesoma maktabani hadi saa nne za usiku yuko kazini. Wa kuulizwa ni yule aliyeacha taa za njia zikiwa zimeungua muhula mzima.

Kifungu cha 29 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutofanyiwa ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka kwa mtu wa umma au wa kibinafsi. Kwa chuo, haki hiyo ina sura ya vitu vya kawaida: taa zinazowaka, kufuli zinazofunga, walinzi waliofunzwa na wanaojulikana kwa majina. Ina maana ya kuwa na ofisi ya malalamiko ambayo haiko chini ya mhadhiri anayelalamikiwa, na kuwa na utaratibu wa karatasi ya mtihani kusahihishwa na mtu mwingine pale mwanafunzi anapodai ananyanyaswa. Ina maana ya PEP kuwepo zahanatini hata Jumapili usiku, au gari la kumpeleka mgonjwa hospitalini bila kuulizwa pesa.

Wanafunzi wapya wapewe maelezo haya katika wiki yao ya kwanza, pamoja na ramani ya chuo na ratiba ya masomo. Karatasi moja iliyobandikwa nyuma ya mlango wa kila choo, ikiwa na nambari za simu, njia ya kwenda hospitali iliyo karibu na maneno 'kabla ya saa 72', haigharimu kitu kikubwa. Viongozi wa muungano wa wanafunzi wanaweza kuidai, na wenyewe wakaibandika.

Mzazi naye asiogope kuzungumza na mwanawe kabla ya kumsindikiza stani. Si lazima maneno yawe mengi. Inatosha kumwambia: likikufika jambo, nipigie simu saa yoyote, sitakukaripia. Kijana mwenye uhakika huo hatasita kutafuta msaada.

Je, ikiwa saa 72 zimekwisha kupita? Bado enda hospitalini. Mimba yaweza kuzuiwa hadi siku ya tano, magonjwa ya zinaa yana tiba, chanjo ya homa ya ini bado ina manufaa, na ukipatikana na virusi vya ukimwi, dawa za siku hizi humwezesha mtu kuishi maisha marefu yenye afya. Kesi nayo haiozi kwa sababu ya kuchelewa. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na mficha maradhi kilio humfichua. Afueni huanza pale mtu anaposema, na pale anayeambiwa anapojua la kufanya.